Mahali pa Kuchimba Bwawa

Swali lililoninyima usingizi msimu ule lilikuwa dogo, na ukilisema kwa sauti linachekesha: bwawa lichimbwe wapi? Halikuwa bwawa la samaki wala la kunyweshea ng'ombe. Lilikuwa shimo tu, pana na refu, ambamo maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye machimbo ya mawe yangepumzika kwanza, yaache tope lao chini, ndipo yaendelee na safari ya kwenda ziwani. Nilikuwa nimesomea jambo hilo hilo. Nilikuwa na cheti kinachosema kwamba najua. Lakini kila nilipofumba macho niliuona mchoro wangu, na kwenye mchoro palikuwa na sehemu moja tu tambarare ya kutosha, na hapo ndipo walipokaa kina mama wanaogonga kokoto.

Nikiwahamisha, wanakosa mahali pa kufanyia kazi. Nisipowahamisha, mvua inakuja na ghuba iliyo chini yetu inageuka uji. Nililala na mawazo hayo mawili, moja kila upande, na asubuhi niliamka nayo.

Machimbo yetu yako upande wa ziwa, ukishaipita Mkuyuni, hapa Mwanza, na kuendelea mpaka nyumba zinaanza kuyapisha mawe. Juu kabisa wanalipua mwamba kwa baruti. Katikati kuna kresha inayosaga mawe kuwa kokoto, inanguruma kutwa nzima. Chini matipa yanapakia na kuondoka. Jua likiwaka, vumbi la mawe linaruka na kutua kwenye kila kitu, hata kwenye kope za watu. Mvua ikinyesha, vumbi lile lile linakuwa maji mazito ya kijivu, linapita gereji na kuokota oili, linaingia korongoni, na korongo linalipeleka moja kwa moja ghubani. Kulikuwa na bwawa la zamani la kuyatuliza maji hayo, lakini lilikuwa dogo mno kwa machimbo ya sasa na lilishajaa tope miaka mingi. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake na mbuzi wa majirani walilifanya kitanda.

Mimi niliajiriwa nishughulikie hilo. Barua ya kazi iliniita ofisa wa mazingira. Watu wote, kuanzia mlinzi mpaka madereva, waliniita injinia, na sikuwahi kuwa na hakika kama ni heshima au ni utani. Nililifikiria sana suala hilo pia.

Ofisi yangu ilikuwa kontena la bluu lililokatwa dirisha na mlango, chini kabisa ya eneo letu, pembeni ya uwanja wa kina mama. Ndani palikuwa na joto kama la tanuri la mkate. Lakini mlango wake ulielekea ziwani. Ukikaa mezani na mlango ukiwa wazi, uliiona ghuba yote: mwalo mdogo wenye mitumbwi iliyopinduliwa, mabati ya nyumba chache, na jiwe moja bapa lililoingia majini kama meza iliyosogezwa karibu na mtu anayekula.

Jiwe hilo nalijua tangu sijaanza shule.

Wazazi wangu walitoka Mara, kwenye kijiji cha ufukweni, wakahamia Mwanza mimi nikiwa bado mgongoni. Baba alivua dagaa. Mama aliwaanika na kuwauza sokoni Igogo. Tulikaa pale ghubani kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa mwamba wenyewe. Fundi aliona hakuna sababu ya kujenga ukuta mahali ambapo Mungu alishajenga. Wakati wa joto tuliegemeza migongo kwenye ukuta ule na kupata ubaridi. Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Mama aliweka beseni juu ya jiwe bapa, akanivua nguo, akaniingiza majini mpaka kiunoni, kisha akauliza, kila Jumamosi, kama mtu anayesali sala ile ile:

"Unaona miguu yako?"

"Naiona."

"Basi oga."

Nikisema siioni, kwa sababu upepo ulitifua maji, tuliketi juu ya jiwe, miguu yangu ikiwa majini, tukasubiri. Hatukuwa na haraka. Alinisuka, au alinichambulia dagaa waliobaki kwenye pindo la kanga yake, nami niliyatazama maji yakijisafisha polepole, mchanga ukishuka, mpaka vidole vyangu vikaonekana tena, vyeupe kidogo na vikubwa kuliko vilivyo. Nafikiri kila nilichosomea baadaye kuhusu maji na tope nilikuwa nimeshakiona pale. Chuoni walinipa hesabu zake tu.

Baba alipofariki, mama alirudi Mara kumtunza bibi. Mimi nilipelekwa shule ya bweni, halafu chuo Dar es Salaam. Niliporudi Mwanza nyumba yetu ilikuwa na watu wengine, na mimi nilipanga chumba Mabatini chenye dirisha linalotazama tumbo la jiwe kubwa. Wenzangu wa chuo walitafuta kazi za ofisi zenye viyoyozi. Mimi niliomba kazi machimboni, na nilipoitwa kwenye usaili nilikaa nikimtazama meneja, na nyuma ya bega lake, kupitia mlango wa kontena, nikaiona ghuba. Nilijibu maswali yote nikitazama pale juu ya bega lake. Baadaye aliniambia alinichukua kwa sababu nilionekana mtu asiyebabaika. Sijawahi kumsahihisha.

Kwa hiyo nilikuwa nimefika karibu na nyumbani, lakini sikuwa nyumbani. Nilikuwa juu, nikitazama. Kila siku nilijiambia leo nikimaliza kazi nitashuka, na kila siku nilipata sababu ya kutoshuka. Nitasema mimi ni nani? Na wakiniuliza ninafanya kazi wapi?

Kilichonishusha ni mvua moja ambayo haikutarajiwa, kabla ya msimu wenyewe. Haikudumu. Ilishuka mchana kwa kishindo, ikaondoka, jua likarudi kama vile hakuna kilichotokea. Nilipofungua mlango niliona ulimi wa kijivu umetoka kwenye mdomo wa korongo, unaingia ghubani, unapanuka. Ulifika kwenye jiwe bapa ukalizunguka. Nilivaa kofia yangu ngumu, sijui kwa nini, nikashuka.

Kulikuwa na wanawake watatu wamesimama na ndoo tupu, wanayatazama maji kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na mizigo mingi.

"Shikamooni."

"Marahaba," alijibu mmoja aliyekuwa na wavu wa kuanikia dagaa begani. Aliitazama kofia yangu. "Unatoka huko juu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Waambie wenzako ahsante kwa chai ya maziwa. Wamesahau sukari tu."

Wote watatu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikajiuliza kama nilikuwa na haki ya kucheka.

"Yanatulia lini?" niliuliza.

"Ikinyesha mara moja hivi, kesho kutwa yatakuwa yametulia. Ikianza kunyesha kila siku, ndiyo basi tena, mpaka masika yaishe." Alisogeza wavu. "Dagaa nikiwaosha kwa maji haya, mteja akitafuna anasikia mchanga. Anakuja kunirudishia mpaka hapa, anapiga kelele majirani wasikie."

"Tutalishughulikia," nilisema.

"Mnasema hivyo hivyo," alisema mwingine, bila hasira, kama mtu anayemjibu mtoto anayeahidi kwamba atakuwa rubani.

Nilitaka kuwaambia kwamba nyumba ile ya ukuta wa mwamba ilikuwa yetu. Badala yake niliwaaga. Nilitembea mpaka kwenye jiwe bapa. Juu yake palikuwa na ngozi nyembamba ya tope la kijivu, laini kama krimu, na mtu alikuwa amepita na kuacha nyayo. Niliweka mguu wangu pembeni ya nyayo zile. Majini sikuona kitu.

Nilirudi juu nikiwa na ari ya kufanya jambo siku ile ile. Bwawa lingehitaji ruhusa na mashine, lakini vizuizi vya mawe ndani ya korongo havikuhitaji ruhusa ya mtu. Unapanga mawe kuvuka mkondo, mahali baada ya mahali, maji yanapunguza mwendo, tope zito linabaki nyuma ya kila kizuizi. Nilipewa vibarua wawili. Tulichagua mawe mazuri yanayolingana ukubwa, tukayapanga kutwa nzima, na jioni nilisimama nikayatazama kwa kiburi ambacho sikuwa nimekihisi tangu siku ya mahafali.

Asubuhi yake hayakuwepo. Hata moja. Korongo lilikuwa jeupe kama sahani iliyolambwa.

Nilifikiria mambo mengi katika dakika chache. Kwamba meneja hataki mradi. Kwamba vibarua wamenichukia kwa sababu niliwasahihisha mbele ya watu. Kwamba kuna mtu ananiroga nisithibitishwe kazini. Nilikuwa bado natafakari hilo la tatu nilipopita uwanja wa kina mama nikayaona mawe yangu. Niliyatambua kama mtu anavyotambua sahani zake kwa jirani. Nusu yalikuwa yameshakuwa kokoto.

Mama mmoja, mnene, aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani, alikuwa anapiga nyundo bila kuitazama. Huyo ndiye aliyekuwa msemaji wa wenzake, ingawa hakuna aliyemchagua.

"Mama, shikamoo. Haya mawe mmeyatoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Korongoni. Jana kuna mtu kayachambua, kayapanga, ukubwa mmoja. Tukasema leo Mungu kaamka mapema."

"Ni mimi niliyeyapanga!"

Nyundo ilisimama hewani. "Wewe?"

"Mimi. Ni vizuizi. Vya maji."

"Sasa mbona hukuweka kitu juu?"

"Kitu gani?"

Hapo uwanja mzima ulicheka. Mama wa kitambaa chekundu alilazimika kuweka nyundo chini ajifute macho.

"Jamani, injinia hajaweka kitu juu! Tazama hapa, mwanangu. Tazama."

Nilitazama. Nilikuwa nimepita mahali pale kila siku na sikuwa nimeona. Juu ya kila lundo la mawe palikuwa na kitu: ndala moja iliyokatika mkanda, kifuniko cha sufuria, kopo la rangi, sahani ya plastiki yenye ufa. Kila mama alikuwa na kitu chake, na kila mtu alijua kitu cha nani ni kipi. Lundo lenye kitu lina mwenyewe, hata akisafiri mwezi mzima hakuna atakayeligusa. Lundo lisilo na kitu ni mali ya kilima, na mali ya kilima ni ya aliyewahi.

"Mimi nilidhani mtu akiona ukuta anajua ni ukuta," nilisema.

"Mwanza hii? Ukiona mawe yamepangwa vizuri ujue yanauzwa."

"Tumekula ukuta wa mtoto wa watu," alisema mwingine nyuma, na vicheko vikaanza upya. Lakini mchana, walipopata nafasi, walikuja korongoni bila kuitwa, wakabeba mawe mengine pamoja na vibarua wangu, na kila kizuizi kilipokamilika walikiwekea kitu. Kimoja kilipata birika lisilo na mkono. Kingine kilipata kiatu cha mtoto. Cha mwisho, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kilivalishwa wigi la zamani lililokuwa limepoteza nywele za mbele.

"Hiki hata mbuzi hatakipanda," alisema mama wa kitambaa chekundu. "Ataona ni shangazi yake."

Vizuizi vilikaa. Mvua ndogo iliyofuata ilileta tope na tope likabaki nyuma ya wigi. Lakini nilijua, na hesabu zangu zilijua, kwamba vizuizi peke yake vinashika changarawe na mchanga tu. Vumbi lile laini, ambalo ndilo linaloyafanya maji yawe chai ya maziwa, linahitaji kukaa mahali palipotulia kwa muda mrefu. Linahitaji bwawa. Na sasa nilikuwa nimewajua wenye uwanja, nimekula mihogo yao ya kuchemsha, nimejua nani anasomesha na nani ana mume mgonjwa.

Meneja, ambaye sisi sote tulimwita bosi ingawa mali ilikuwa ya baba yake, aliniita akiwa ameegemea gari lake pembeni ya kontena.

"Bwawa linakaa pale kwa kina mama. Si ndivyo ulivyochora?"

"Nimechora kama pendekezo, bosi."

"Na mapendekezo mengine yako wapi?"

"Bado nayafikiria."

"Wewe unafikiria tangu mwaka jana." Hakusema kwa ukali. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyewaruhusu kina mama kukaa pale wakati baba yake hakutaka. "Mvua hazisubiri mtu. Wakaguzi wa mazingira wakija wakakuta ghuba iko hivyo, wanafunga kresha, na hao kina mama nao watakosa mawe ya kugonga. Sasa bora lipi? Waambie wahamie juu."

"Juu kuna baruti, bosi. Na wateja wao wa kokoto hawawezi kupanda. Pale chini gari linasimama, linapakia, linaondoka."

"Basi niambie wewe. Nakupa mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa hujasema, nawaambia mimi."

Jumatano mama alinipigia simu kutoka Mara. Alikuwa na kawaida ya kuanza na habari za watu wote wa kijijini, wazima na wagonjwa, kabla ya kufika kwa kile alichotaka.

"Hapo ofisini kwako, nyumba bado unaiona?"

"Bati naliona. Wamelipaka rangi nyekundu."

"Nyekundu! Haya. Na jiwe langu?"

"Lipo."

"Nimewaza nije. Tumeshavuna, bibi yako atakaa na shangazi yako. Nije nikae na wewe siku mbili tatu, nishuke pale nifue hata kanga moja tu. Nimepakumbuka. Jana nimeota naanika dagaa na baba yako ananiita kutoka mtumbwini, naitika, hasikii."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kontena. Ghuba ilikuwa imetulia siku ile, lakini rangi yake haikuwa imerudi.

"Usubiri mvua ziishe, mama," nilisema.

"Kwa nini? Mimi lini nimeogopa mvua?"

Nilikwangua kutu ya mlango kwa ukucha.

"Au maji yameharibika?"

"Kidogo."

"Hiyo kidogo, unaona miguu?"

"Hapana, mama. Ikinyesha, huoni."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga. Kisha akaanza kuniambia habari za mbuzi wa bibi aliyezaa mapacha, kwa sauti ya uchangamfu kupita kiasi, kama unavyomsimulia mtoto hadithi ili asitazame sindano. Angenilaumu ningepona haraka. Tulipoagana nilibaki nimeshika simu, na hamu ya kuwa na umri ule wa kuingizwa majini mpaka kiunoni ilinijaa. Sikupatamani pale palivyo sasa. Nilitamani kuwa pale tena, na yeye nyuma yangu ameshika sabuni, na hakuna lolote la kuamua.

Alhamisi ilinyesha mchana. Nilifunga dirisha, nikawasha taa, nikatandaza mchoro mezani ili nifikirie kwa mara ya mwisho kabla ya Ijumaa. Mvua kwenye bati la kontena inapiga kelele kiasi kwamba husikii hata wasiwasi wako mwenyewe. Ilipopungua kidogo nilisikia sauti nyingine: maji yakipita. Yalipita upande wa kulia wa kontena, na yalipita upande wa kushoto. Nilifungua mlango. Maji ya kijivu yalikuwa yakishuka kutoka kwenye kresha katika mkondo mmoja, yanafika nyuma ya ofisi yangu, yanajigawa mara mbili, yananizunguka, kisha yanakutana tena mbele ya ngazi na kuendelea korongoni. Nilikuwa nimeruka mkondo ule kila mvua tangu niajiriwe. Nilikuwa nimelalamika kwamba unalowesha viatu.

Maji yalikuwa yanataka kukaa pale. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa.

Nilirudi kwenye mchoro. Korongo, kresha, gereji, uwanja wa kina mama, vyote nilikuwa nimevichora kwa penseli, nimefuta na kuchora tena mpaka karatasi ikawa na manyoya. Kontena peke yake nilikuwa nimelichora kwa kalamu ya wino. Sikukumbuka kuamua hivyo. Mlinzi wa zamani alishaniambia kwamba mahali pale palikuwa bonde lenye mafunjo, wakajaza udongo wa moramu ili kontena lipate pa kusimama. Niliwahi kuyasikia maneno hayo kama habari za historia tu. Sasa niliona maana yake: udongo wa kujaza ni laini, unachimbika, na chini yake kuna shimo ambalo ardhi ilikuwa imelitengeneza yenyewe.

Nilianza kujitetea, kama kawaida yangu. Kontena lina vifaa. Kontena lina umeme. Ofisa wa mazingira anatakiwa akae karibu na mkondo aone kinachotokea. Hilo la mwisho lilikuwa zuri sana, ningeweza kuliandika kwenye ripoti. Nililirudia mara mbili kisha nikaona aibu. Ukweli ni kwamba sikutaka kupoteza mlango. Niliogopa kwamba nikihamia mahali pengine sitakuwa na ghuba tena, hata ya kutazama. Nilikuwa tayari kuwahoji watu wazima kumi na zaidi kuhusu kuhama kwao, na sikuwahi kujihoji mimi.

Nilitoka na futi ya kupimia ardhi, mvua ikiwa bado inanyunya. Kontena peke yake halikutosha. Kontena pamoja na maegesho ya gari la bosi, pamoja na lundo la matairi mabovu lililokuwa pembeni yake, palitosha, mradi tuchimbe kina kirefu na tukate mtaro juu ya machimbo ili maji safi ya kilimani yapite njia yao bila kuchanganyika na yetu.

"Injinia!" mama wa kitambaa chekundu aliita kutoka chini ya turubai lao. "Unapima kaburi la nani?"

"La ofisi yangu, mama."

"Ee! Pole na msiba!"

Ijumaa nilimsubiri bosi ashuke kwenye gari, kwa sababu nilijua nikimpa nafasi ya kuketi nitaanza na utangulizi.

"Bwawa likae hapa," nilisema. "Tulipo."

Alitazama chini, kwenye viatu vyake. "Hapa wapi?"

"Hapa. Kontena liondoke."

"Na ofisi?"

"Ihamie juu kidogo, karibu na mizani ya matipa."

"Kule kuna vumbi. Na huoni kitu, ni ukuta wa mwamba tu."

"Najua, bosi."

Nilimwonyesha mchoro mpya. Aliusoma kwa muda, akauliza maswali mazuri kuhusu kina na kuhusu namna ya kulitoa tope likijaa, na nilipoyajibu niliona bado kuna kitu kinamsumbua. Mwishowe kikatoka.

"Na gari langu nitaegesha wapi?"

"Kule kule juu. Mwamba unaleta kivuli kuanzia mchana."

"Kumbe unanihamisha na mimi."

"Ndiyo, bosi."

Alicheka, akatikisa kichwa, akapiga simu kwa dereva wa kijiko, ile mashine yetu ya kuchimbia, amwambie kesho asipande mwambani.

Siwezi kudai kwamba nililala. Niliwaza je, hesabu za kina zikiwa na kosa? Je, chini ya moramu kukiwa na mwamba? Mama akija akakuta bado ni chai ya maziwa je? Na nikishahamia juu, je, nitagundua kwamba kuitazama ghuba ndiyo sababu pekee iliyokuwa inaniamsha asubuhi? Jumamosi nilifika kabla ya wote. Nilitoa faili, kiti, kipande cha zulia, na kioo kidogo kilichokuwa kimening'inia nyuma ya mlango. Nilikaa kidogo kwenye ngazi nikitazama chini. Mtu alikuwa anafua kwenye jiwe bapa, mbali sana, sikuweza kuona ni mtu mzima au mtoto. Bado ningeweza kumwambia bosi kwamba nimefikiria upya. Ni sentensi ambayo naijua vizuri kuliko nyingine zote.

Niliinuka nikaenda kumwambia dereva wa kijiko afunge minyororo.

Kontena lilipoinuka kina mama waliacha nyundo zao. Lilining'inia likayumba, likadondosha kutu na senene mmoja aliyekauka, sijui aliingia lini.

"Injinia kafukuzwa! Kodi imemshinda!"

"Njoo ukae kwetu, mwanangu, turubai ni kubwa!"

Nilicheka nao. Mahali lilipokuwa palibaki mstatili wa udongo mwekundu mkavu, na maji ya juzi yalikuwa bado yamesimama pande zote mbili. Dereva aliliweka kontena kwenye tela, akarudi, akasimamisha kijiko chake hewani na kutoa kichwa dirishani.

"Dada, naanzia wapi? Kule kwenye matairi au hapa?"

Kwenye matairi tungeweza kuanza polepole, na kama kungekuwa na kosa, kontena lingerudishwa mahali pake hata jioni ile. Nilisogea mpaka katikati ya mstatili, nikachora alama kubwa kwa kisigino, nikarudi nyuma.

"Hapa," nilimwambia. "Na uende chini moja kwa moja, usiparure."

Meno ya kijiko yakaingia, na moramu ikatoka laini, imelowa kwa chini.